Alizeti Fupi katika Bustani ya Nyumbani



Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi habari za alizeti. Twajua wengi wenu mtasema, "Alizeti twaijua, ni zao la mafuta, nalo hulimwa shambani, si bustanini." Maneno hayo ni kweli. Apitaye njia ya Singida au ya Dodoma mwezi wa tatu huona mashamba yamegeuka manjano pande zote mbili, na mimea yake imesimama kwa kimo cha mtu au kumpita. Walakini alizeti tuitajayo leo haimfiki mtu kiunoni, na nyingine humkoma gotini. Hii ndiyo alizeti fupi, ipandwayo karibu na nyumba, kandokando ya njia, au hata ndani ya debe lililotobolewa chini. Huota, huchanua, huzaa na kufa katika msimu mmoja, na kwa hiyo kila msimu hatuna budi kuipanda upya kwa mbegu.

Twataka kueleza jinsi ya kuipanda na kuitunza. Pamoja na hayo twataka kukiri kosa moja tulilolifanya sisi wenyewe, tulio walimu, kwa kuwa kosa hilo lilimtia hasara mtu ambaye hasara ndogo kwake si ndogo. Lakini kwanza mbegu ziingie ardhini.

Asili ya alizeti ni Amerika ya Kaskazini. Wenyeji wa huko waliilima zaidi ya miaka 4000 iliyopita, wakila mbegu zake na kuchagua zilizo kubwa ili wazipande tena. Katika karne ya 16 Wahispania waliileta Ulaya, na huko watu waliipanda kwanza kwa uzuri wake tu. Mafuta yalikuja baadaye: mwaka 1829, katika nchi ya Urusi, mtu aitwaye Daniil Bokaryov alianza kuyakamua katika kijiji cha Alekseyevka, na kazi hiyo ikaenea mpaka ikawa biashara kubwa. Basi huko Ulaya alizeti ilikuwa ua la bustani kabla haijawa zao la shamba, na sisi tukiirudisha bustanini hatuitendei jambo geni.

Aina fupi zimepatikana kwa watu kuchagua mimea mifupi na kuizalisha yenyewe kwa yenyewe, kizazi baada ya kizazi. Ziko nyingi. Iko iitwayo Sunspot, ambayo shina lake ni la futi mbili hivi, na juu yake limekaa ua kubwa kama sahani. Iko Teddy Bear, yenye futi mbili mpaka tatu, na ua lake ni petali tupu zilizosongamana kama mpira wa sufi. Iko Music Box, yenye matawi na maua ya rangi mbalimbali. Mtu asizipande kwa tamaa ya mafuta, maana hatapata hata ya kukaangia yai. Mbegu chache zitokazo ni chakula kizuri cha kuku. Nyuki wanaofuata maua hayo hupitia pia maboga na matango yaliyo jirani, nayo huzaa zaidi kwa kazi yao. Na watoto hupata mmea unaokua upesi kiasi cha kuupima kwa kijiti kila asubuhi na kuona umeongezeka. Kwetu sisi walimu faida hii ya mwisho si ndogo.

Kabla ya kupanda, mbegu zijaribiwe. Twaa mbegu kumi, uziviringishe katika kitambaa chenye unyevu, uziweke mahali penye joto, na baada ya siku saba ufungue uhesabu. Zikiwa nane au zaidi zimetoa mzizi, mbegu zako ni njema. Zikiwa nne au tano, panda maradufu. Zikiwa moja au mbili, wape kuku nyingine zote utafute mbegu mpya. Jaribio hili halina gharama, nalo humwokoa mtu na majuma mawili ya kuitazama ardhi tupu.

Mahali pa kupanda pawe na jua la kutwa. Alizeti iliyopandwa chini ya mwembe au nyuma ya ukuta hurefusha shingo ikitafuta mwanga, shina lake huwa jembamba, kisha huanguka kwa upepo wa kwanza. Udongo wowote usiotuamisha maji wafaa. Ulimwe kina cha shibiri moja au zaidi, mabonge yavunjwe, na samadi iliyooza sawasawa ichanganywe kwa kiasi. Twasema kwa kiasi, maana wako waonao kwamba ikiwa karai moja ni jema basi matatu ni mema zaidi. Samadi ikizidi, mmea huwa na majani mapana na shina laini, na ua huchelewa.

Mbegu zipandwe pale pale zitakapokaa siku zote. Alizeti hutangulia kuteremsha mzizi mmoja mrefu, na ukiihamisha mzizi huo ukakatika, mmea hudumaa hata ukidhani unaufanyia hisani. Choma udongo kwa kijiti kina cha pingili ya kwanza ya kidole, yaani sentimeta 2 au 3, utie mbegu mbili, ufukie, ushindilie kidogo kwa kiganja, unyunyize maji. Kutoka shimo hata shimo iwe sentimeta 30 hivi. Katika debe ipandwe mimea miwili tu, na maji yake yaangaliwe kila siku, maana debe hukauka upesi.

Miche huchomoza kwa siku saba mpaka kumi. Siku hizo za kwanza ndizo za hatari. Ndege huing'oa ili wale kile kisehemu cha mbegu kilichobaki kichwani, na sota huikata usiku usawa wa ardhi, ukaiona asubuhi imelala kana kwamba imepitiwa na wembe. Kwa ndege, tawi la miiba lililolazwa juu ya tuta latosha mpaka miche iwe na majani manne. Kwa sota, pekecha udongo kuzunguka mche uliokatwa. Mara nyingi utamkuta amejikunja papo hapo, hajaenda mbali.

Miche ikiwa na kimo cha kidole, pale penye miwili uondolewe mmoja ulio dhaifu. Usiung'oe, maana mizizi ya ndugu yake itatikisika. Ukate kwa mkasi au kwa kucha. Kazi hii wanafunzi wetu huichukia kuliko kazi zote za bustani. Mtu aliyeutia mche ardhini kwa mkono wake, akaumwagilia, hapendi kuambiwa aukate nao ni mzima. Kila mwaka hupatikana mmoja anayeiacha yote miwili kwa huruma, na kila mwaka hupata maua mawili madogo badala ya moja zuri. Hatumwadhibu, twamwachia aone.

Maji yamwagiliwe mengi kwa siku chache, wala si kidogo kidogo kila mara, ili mizizi ishuke chini kuyafuata. Yasikosekane hasa wakati kichwa cha ua kinapoanza kuonekana kama kifungo cha kijani katikati ya majani. Yale yaliyooshewa mboga na mchele yafaa kabisa. Palizi ni mara mbili au tatu, kwa jembe dogo, bila kuchimba sana. Baada ya siku kama 60 tangu kupanda, nyingine kabla na nyingine baada, maua hufunguka.

Hapa twaomba ruhusa ya kusema neno juu ya alizeti na jua, kwa kuwa wengi wamefundishwa, nasi tulifundisha hivyo kwa miaka, kwamba ua la alizeti hulifuata jua kutwa maisha yake yote. Sivyo. Ufuatao jua ni mmea mchanga. Mchana upande wa mashariki wa shina hukua zaidi ya upande wa magharibi, na hivyo kichwa husukumwa kuelekea magharibi; usiku upande wa magharibi hukua zaidi, na alfajiri kichwa kimerudi mashariki kungoja jua. Ua likiisha kufunguka, shina huacha kurefuka, na kichwa hubaki kimeelekea mashariki mpaka mwisho. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, mjini Davis, walieleza jambo hili kwa majaribio. Waliigeuza baadhi ya mimea iliyochanua ielekee magharibi, wakaona kwamba ile inayotazama mashariki hupata joto mapema asubuhi, nayo ilijiwa na nyuki mara tano kuliko iliyogeuzwa.

Jambo hili lina faida kwa mpanda bustani. Ikiwa mlango wa nyumba yako watazama mashariki, nawe ukapanda alizeti mbele ya mlango, maua yatawatazama wapita njia, na wewe mwenye nyumba yatakupa kisogo. Ukitaka yakutazame, uyapande upande wa magharibi wa mahali ukaapo au upitapo. Tuliwahi kupanda safu nzuri ya alizeti mbele ya jengo la madarasa, na msimu wote wanafunzi waliokaa madirishani hawakuona ila migongo ya kijani.

Sasa twaja kwenye lile kosa.

Miaka kadhaa iliyopita tulipewa pakiti moja ya mbegu za alizeti fupi, tukazipanda katika bustani ya chuo tunapofundisha, kwa namna tuliyowaeleza. Ziliota vema, zikachanua kwa kimo cha goti, na majirani walikuja kuzitazama jioni, hasa akina mama. Wakatuomba mbegu. Nasi tulifurahi, maana mwalimu hupenda kuona somo lake linatoka nje ya uzio. Vichwa vilipokauka tukapukuchua mbegu, tukazihifadhi, na mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia tukazigawa kwa nyumba kumi na mbili, tukiwaambia wote kwa kinywa chetu kwamba hazitapita goti.

Miongoni mwa hao alikuwamo bibi mmoja mzee alezaye wajukuu wawili. Nyuma ya jiko lake ana kijibustani cha mchicha na majani ya kunde, ambacho hukimwagilia maji ya kuoshea vyombo, na mboga hizo huuza kwa mafungu. Hapo ndipo chumvi na sabuni yake hutoka, na madaftari ya wajukuu. Alituuliza kama maua hayo yatamtilia mboga kivuli. Tulimjibu kwamba hayawezi. Apande tu ukingoni, upande wa mashariki, yatampendezea. Alitusadiki kwa kuwa sisi ni walimu.

Katikati ya msimu tulimwona anakuja chuoni na mkongojo wake. Tukamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Akaitika, "Marahaba, wanangu. Nimekuja kuwaalika mavuno. Mje na ngazi."

Tulicheka, tukadhani ni mzaha. Tulipofika tukaona si mzaha. Ukingo wa bustani yake ulikuwa umesimamisha mimea kama ishirini; michache ilikuwa fupi, mingine ilimfika kifuani, na mingine ilikuwa imempita kichwa yeye na sisi. Majani yake, mapana kama ungo, yalilifunika jua la asubuhi, na mizizi ilikuwa imekunywa maji yote ya vyombo. Mchicha ulikuwa mwembamba na wa rangi ya majani makavu. Hakutulaumu. Alisema tu, "Mbegu zenu zimekua kuliko maneno yenu." Kisha akatuuliza kama azikate au azingoje, maana zimechanua vizuri na wajukuu wanazipenda.

Twaona haya kusema jinsi tulivyoanza kujitetea. Kwanza tulisema ni mbolea: ametia samadi nyingi. Akajibu kwamba hana hata kuku. Kisha tukasema ni mvua za mwaka ule. Tena mmoja wetu alidiriki kuwaza, ingawa hakusema mbele yake, kwamba huenda alizichanganya mbegu zetu na za shambani. Lakini tulipozunguka zile nyumba nyingine tulikuta hali ni ile ile: fupi na ndefu pamoja, katika tuta moja, kwa udongo mmoja na maji mamoja. Basi sababu haikuwa mbolea wala mvua wala bibi. Sababu ilikuwa ndani ya mbegu zenyewe, nazo zilitoka mikononi mwetu.

Mwanafunzi mmoja wa ualimu ndiye aliyetufumbua macho. Alikumbuka kwamba mwaka ule wa kwanza, bustani yetu ilipokuwa inachanua, ng'ambo ya barabara kulikuwa na shamba la alizeti za mafuta, ndefu, nalo lilikuwa limechanua siku zile zile. Na nyuki wetu hawajui barabara.

Hebu tueleze jambo hili polepole, maana ndilo lenye uzito kuliko yote ya jioni hii. Kile tukiitacho ua moja la alizeti si ua moja. Zile petali za manjano za pembeni ni pambo la kuwaita nyuki. Lile duara la katikati ni mamia ya vijiua vidogo, vimepangwa kwa mistari inayozunguka kama ukindu katika kikapu, na kila kijiua chaweza kuzaa mbegu moja. Vijiua hivyo hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati, mstari baada ya mstari, kwa muda wa juma moja au zaidi. Kila kijiua kwanza hutoa chavua, ule unga wa manjano unaoshika kidoleni. Baadaye hufungua kijiulimi chake chenye ncha mbili, tayari kupokea chavua. Tena alizeti nyingi huikataa chavua yao wenyewe, au huipokea kwa shida. Hupendelea ya mmea mwingine. Nyuki ndiye huileta, naye huweza kuileta kutoka mbali zaidi ya kilometa moja.

Kwa hiyo kichwa kimoja cha alizeti ni mama mmoja mwenye watoto wa baba mbalimbali. Zile mbegu tulizozipukuchua kwa furaha zilikuwa na mama mfupi, lakini baba wa baadhi yao alikuwa ng'ambo ya barabara, naye alikuwa mrefu. Ukiitazama mbegu kwa macho huwezi kujua. Ni nyeusi, ni kavu, ni nzuri. Kimo kimefichwa ndani yake mpaka mvua inyeshe.

Je, mtu atakaye kuhifadhi mbegu za alizeti fupi afanyeje? Wakulima wa mbegu huzitenga aina zao kwa kilometa nyingi, lakini mwenye bustani ya jikoni hawezi kumhamisha jirani yake. Twazijua njia mbili, na zote mbili tumezijaribu.

Njia ya kwanza ni kufunika. Chagua mimea yako mifupi na yenye afya, isiyopungua sita, na kabla petali hazijafunguka uvike kila kichwa mfuko wa kitambaa chepesi kipitishacho hewa wala kisichopitisha nyuki. Mfuko uwe mpana, ufungwe chini ya kichwa kwa uzi usiokaza. Plastiki haifai, maana kichwa kitatoka jasho na kuoza. Maua yakiisha kufunguka, kila asubuhi, umande ukikauka, vua mifuko ya vichwa viwili, uvigusanishe nyuso polepole, au utwae brashi laini uihamishe chavua ya hiki kwa kile na ya kile kwa hiki, kisha uvifunike upesi. Kesho yake ubadilishe jozi. Kazi hii ichukue siku saba au nane, mpaka vijiua vya katikati kabisa viwe vimefunguka. Ukisahau kugusanisha, ukafunika tu, utapata maganda matupu. Sisi tulipata hayo mara ya kwanza, tukakumbuka kwamba tulikuwa tumemfungia nyuki nje bila kuishika kazi yake. Vichwa vilivyofunikwa vifungiwe uzi mwekundu shinani ili visichanganywe na vingine wakati wa kuvuna.

Njia ya pili ni rahisi zaidi kwa mwenye maji. Katika nchi yetu ya kati, alizeti za shambani hupandwa na mvua, kuanzia mwezi wa kumi na mbili hivi, na kufikia mwezi wa tano zimekwisha kuchanua. Basi panda alizeti zako fupi mwezi wa sita, uzimwagilie maji ya jikoni. Zitachelewa kidogo kuota kwa ajili ya baridi ya usiku, walakini zitachanua mwezi wa nane au wa tisa, wakati mashamba yote ni mabua makavu na hakuna alizeti ndefu yenye chavua. Nyuki watakuja, nao watachukua kutoka fupi kupeleka fupi. Lakini kwanza zunguka jirani uhakikishe kwamba hakuna mwingine amwagiliaye alizeti ndefu siku hizo.

Liko onyo moja. Pakiti nyingine za dukani zina alama F1. Alama hiyo maana yake ni kwamba mbegu hizo zimezaliwa kwa kuoanisha aina mbili tofauti kwa makusudi. Mwaka wa kwanza huwa zote sawa na nzuri, lakini watoto wao hawafuati sura moja, hata ukifunika vichwa kwa uangalifu wote. Ukiwa na pakiti ya namna hiyo, furahia maua, wape kuku mbegu, usimgawie jirani.

Kuvuna si kazi kubwa. Mgongo wa kichwa ukigeuka kutoka kijani kuwa manjano na kuanza hudhurungi, kata pamoja na shina la shibiri moja, utundike kichwa chini mahali penye hewa, mbali na panya. Baada ya majuma mawili au matatu mbegu hutoka kwa kusuguliwa na kiganja. Ziachwe kivulini zikauke kabisa, zitiwe katika chupa yenye kifuniko, na ndani ya chupa kitiwe kikaratasi chenye jina la aina na mwezi wa kuvuna. Maganda na mashina yasirundikwe juu ya tuta la mboga, kwa sababu alizeti ina kitu ndani yake kinachozuia mbegu za mimea mingine kuota vema. Yapelekwe shimoni yaoze kwanza.

Kuhusu yule bibi, alizikata zile ndefu tulipokuwa bado tunamwomba radhi, akabakiza fupi tatu kwa ajili ya wajukuu. Wanafunzi wetu walilima upya kijibustani chake, wakamchotea maji mpaka mchicha mwingine ukasimama. Lakini mafungu ya mwezi ule na nusu hayakurudi, wala hatuwezi kusema yalirudi. Nyumba nyingine kumi na moja tulizipitia moja moja tukieleza kosa letu, na kuwaomba wasihifadhi mbegu zile. Wengine walikuwa wamekwisha kuwagawia ndugu zao wa mbali.

Mwaka uliofuata tulipanda mwezi wa sita, kutoka pakiti nyingine isiyo na alama ile, tukavuna mbegu kidogo tu, za kujaza nusu ya chupa ndogo. Msimu mmoja tulizipanda wenyewe bustanini mwetu tuzitazame, bila kumpa mtu. Ndipo tulipomwendea bibi. Alituuliza, "Mara hii mmezipima?" Tukamwambia tumezipima. Hakutosheka. Alikata fimbo ya kimo cha goti lake, akaichomeka kwenye ukingo wa magharibi wa bustani, mbali na mchicha, akapanda mbegu tano tu, akatuambia kwamba itakayopita fimbo ataikata bila kutuita.

Tulipita kwake juma lililopita. Zote tano zimechanua, zinatazama mashariki, upande wa jiko lake. Nne ziko chini ya fimbo. Ya tano imeizidi kwa upana wa vidole viwili, naye anasema bado anaifikiria.